Mwonjaji wa Miguu

Asubuhi ile Kalekwa Mihambo aliomba jambo moja tu: binti wa Limi awe mchezaji wa kawaida. Hakumwombea mabaya, maana hakuwa mchawi, na hata angekuwa, Jumamosi ya kuonja wachezaji wapya si siku ya kuanza uchawi. Alitaka tu awe msichana wa kukimbia na kuchoka kama wengine, apigiwe makofi ya adabu, asajiliwe, akae benchi, watu wamsahau. Ombi dogo kama hilo, Mungu angeshindwaje?

Alipomaliza kuomba alivuta kiti mezani, akajimiminia chai, akavaa soksi.

Soksi yenyewe ilikuwa ndefu, imefumwa kwa nyuzi nyembamba kuliko nywele, inapanda mpaka pajani, na kwenye upindo wa juu ina tundu la kifungo. Ukikibana kifungo mahali pake, nyuzi huamka. Huoni kitu, wala husikii kelele za uwanja. Ni miguu tu inayokwenda: umekaa kitini umetulia, lakini misuli inaamini inakimbia, nayo inakimbia vile vile alivyokimbia mwenye kifungo siku alipopimwa. Kifungo cha Kalekwa kilikuwa cha Kalekwa mwenyewe, alipokuwa na miaka kumi na tisa. Kila asubuhi mwanamke huyu aliyekwishaanza kuota mvi alishuka tena na wingi ya kulia, akagusa mpira mara tatu, akakaribia kibendera cha kona, akakata ndani kwa mguu wa kushoto.

Na pale pale kwenye kukata, mguu wa kushoto uliruka kama umechomwa sindano, ukaipiga meza kwa chini. Chai ikamwagika kwenye kisahani.

"Nawe umezidi," aliuambia mguu.

Ilikuwa hivyo kila siku, na sababu aliijua. Goti alilonalo sasa lilitengenezwa hospitalini, ni zima. Goti la miaka kumi na tisa lilikuwa na kigugumizi. Amri ilitoka kichwani vizuri, ikafika gotini, ikasita kidogo kama mgeni asiyejua avue viatu au asivue, ndipo ikaingia. Goti zima likilazimishwa kusita namna ile hukataa, likaruka. Lakini Kalekwa wa wakati ule hakusikia lolote. Kilicho chako hukisikii. Alicheza nacho akiwa nyota wa mji, hadi siku goti liliposita katikati ya mbio na kano zikakatika kwa pamoja. Zama hizo waonjaji hawakuwapo, na hakuna aliyemwambia.

Kifungo kile ndicho alichobaki nacho. Kilikuwa cha kizamani, hakina nakala, na kina masharti yake: mguu wa mwenyewe hukivaa maisha yote, bali mguu mgeni hukifuta kadiri unavyokionja. Mgeni wa kwanza huacha makombo, wa pili haachi kitu. Gwasa, mwanachama mwenzake wa tawi la klabu, aliwahi kuomba kukiazima, "kidogo tu, Bi. Kalekwa, nami nijue raha ya kumpita beki," akajibiwa kwamba angeomba figo angefikiriwa.

Alifuta meza, akavua soksi, akaenda tawini kumwonja mtoto wa mwanamke aliyerithi jezi yake.

*

Tawi la Ng'ambo, ambalo wenyewe huliita Mzinga, lilikuwa limekwishajaa. Klabu ya Nyuki wa Unyanyembe ni mali ya wanachama wake, na mwanachama wa Tabora ukimpa umiliki wa kitu umempa na mdomo wa kukisemea. Juzi yake ulifanyika Mgawo, ule mkutano wa kila mwaka Dodoma ambapo klabu za ligi kuu huchagua wachezaji wachanga kwa zamu. Ligi kuu ni ya wanawake, bila shaka. Ya wanaume nayo ipo; huchezwa asubuhi, na ndugu zao huenda kuwatazama.

"Zamu ya kwanza tumeitupa," Gwasa alikuwa akisema, amesimama juu ya benchi ili asikike, ingawa angesikika hata akiwa kisimani. "Mmechukua kipa. Kipa tunaye. Tunaye na wa akiba, na wa akiba ana wake wa akiba. Wenzetu wa Mwanza wamechukua mshambuliaji mrefu kama mnara wa simu."

"Kipa tuliyenaye anadaka mpira kama anapokea kichanga," alijibu Msabila, mwenyekiti wa tawi. "Na wewe Muha tulia. Mpira ulikuja na reli, ukashuka hapa Tabora ukiwa mbichi. Kwenu Kigoma ulifika umechoka."

Watu walicheka, na Gwasa mwenyewe akacheka, maana utani ukikataliwa ndipo unauma.

"Haya, na zamu ya pili?" akauliza mtu wa nyuma.

"Zamu ya pili hatuijadili," akasema Gwasa. "Mama yake yuko hapa."

Limi Kashindye alikuwa amekaa mstari wa mbele, amejifunga khanga mpya kiunoni, anacheka kuliko wote. Huyu ndiye aliyekuwa mchezaji wa akiba siku goti la Kalekwa lilipokatika. Alivua fulana ya mazoezi, akaingia, na hakutoka tena. Jezi namba saba ilimkaa mwilini mpaka akastaafu nayo. Ubaya wa Limi ni kwamba hakuwa na ubaya. Kalekwa alipolazwa, alimpelekea uji kila wiki na kumpaka mafuta miguuni. Angekuwa na majivuno, Kalekwa angemchukia moja kwa moja akapumzika. Lakini kumwonea wivu mtu mwema ni kazi isiyo na likizo.

Kalekwa aliketi kwenye kiti cha mwonjaji, mbele ya wote, akatumbukiza miguu kwenye beseni. Kunawa ni lazima na hufanywa hadharani. Beseni lina vipimo chini ya maji. Husoma mwili wa mwonjaji ulivyo siku hiyo, uchovu wake na maumivu yake, kisha soksi huyaondoa hayo yote ili kitakachosikika kiwe cha mchezaji peke yake. Mashine za ligi zilikuwa zimekwishapima mifupa na kano za wasichana wote, wakiwa wamelala kitandani. Kazi ya mwonjaji ni yale yanayojitokeza mguu ukiwa mbioni, na kazi hiyo hupewa mtu aliyewahi kucheza. Ligi huleta kifungo kimoja kwa kila mchezaji, cha kuonjwa mara moja tu. Baada ya hapo unaweza kukishonea shati.

Hukumu haiandikwi popote. Mezani huwekwa kijiko cha asali. Mwonjaji akikilamba, mchezaji amekubaliwa na tawi lake. Akikiacha, amewaachia viongozi. Akikigeuza kifudifudi asali ikamwagika, amesema mchezaji ana dosari, na ligi humweka kando msimu mzima apimwe upya. Ng'ambo hakuna aliyewahi kuona kijiko kikigeuzwa.

Alianza na kipa, msichana wa Urambo. "Miguu hii ina usingizi," alisema akifungua macho. "Lakini ikiamshwa inaruka." Akakiacha kijiko. Gwasa akawatazama wenzake mmoja mmoja, kama mtu aliyeshinda kesi.

Kisha Msabila akamkabidhi kifungo cha Nyamizi, binti wa Limi.

Nyamizi mwenyewe alisimama ukutani, mikono kifuani, mwembamba, macho ya mama yake. Kalekwa alikibana kifungo akafumba macho, akaanza kutafuta kasoro kwa bidii, kama mama mkwe anayepitisha kidole juu ya kabati. Hatua za kwanza hakuna vumbi. Za pili hakuna vumbi. Miguu ya binti ilikimbia kana kwamba haijaambiwa kuwa kukimbia ni kazi. Ilishuka na wingi ile ile ya kulia, na pale ambapo Kalekwa aliugusa mpira mara tatu, huyu aliugusa mara mbili akawa amekwishafika. Mara mbili. Miaka yote Kalekwa aliamini kwamba alichokuwa nacho hakijapata kuwepo Tabora na hakitakuwepo tena, na sasa kilikuwa mwilini mwake, kimeboreshwa, na si chake. Wivu ulimpanda, wa moto. Alitamani kuivua soksi. Pia alitamani isiishe.

Ndipo ikaja kona. Msichana akakata ndani kwa kushoto, na goti likasita.

Mguu wa Kalekwa ulitaka kuruka. Chai zote alizomwaga zilikuwa zimemfundisha. Aliukaza, akavikunja vidole vya mguu, akakandamiza kisigino sakafuni. Ukumbini hakuna aliyeshtuka. Mbio zikaendelea, zikaisha.

Alibaki amefumba macho. Huenda ni mimi, alifikiri. Lakini alikuwa amenawa, na goti lake la sasa halina kigugumizi. Kile kilikuwa cha mtoto, na alikijua kama anavyojua sauti yake mwenyewe. Kigugumizi kikigunduliwa mapema hutibika: kupumzika msimu mzima, na goti kufundishwa upya polepole. Kisipogunduliwa, mwisho wake ulikuwa umekaa pale kwenye kiti cha mwonjaji.

Ukumbi ulingoja. Njia ya haki ilikuwa fupi: anyooshe mkono, ageuze kijiko. Lakini nani asingesema? Kalekwa kamgeuzia kijiko mtoto wa Limi. Kalekwa, kati ya watu wote. Wangesema ni wivu, na kilichomtisha ni kwamba wasingekosea, maana wivu ulikuwepo, mzima, umekaa naye kitini pale pale.

Alikichukua kijiko akakilamba.

"Asali," alisema.

Ukumbi ulilipuka. Msabila, ambaye hachezi ngoma hata harusini, alicheza. Limi alikuja akamkumbatia kwa nguvu mpaka kiti kikalia, akamlilia begani. "Nilijua utamtendea haki, mwenzangu," alisema. "Watu walinitia hofu, nikawaambia hamumjui Kalekwa."

Kalekwa alijiambia kwamba amenyamaza kwa aibu ya kuitwa mwenye wivu. Alijiambia hivyo njia nzima mpaka kwake.

*

Alasiri Nyamizi alikuja na kikapu cha matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa.

"Shikamoo, ma'mdogo. Mama anasema upokee, viazi vyenyewe ni vya shambani kwake."

"Marahaba. Kaa. Kesho ndiyo saini?"

"Kesho, Mungu akipenda." Msichana alikaa ukingoni mwa kiti, akaangalia picha za ukutani, akaangalia miguu yake, halafu akasema alichokuja kusema. "Ma'mdogo, pale kwenye kona uliukaza mguu."

"Nani kakwambia?"

"Niliviona vidole. Vilikunjana."

"Maji ya beseni yalikuwa ya baridi," alisema Kalekwa.

Nyamizi alitikisa kichwa kukubali, kwa adabu, kama anavyokubali mtoto aliyelelewa vizuri hata kama hajaamini. "Mimi nilifikiri nimekosea pale. Kona ile ndiyo ninayoipenda. Nikikata vile najisikia kama..." Akakosa neno, akacheka. "Wewe unajua."

"Najua."

"Mama huniambia kila siku. Anasema wewe ulikuwa na kipaji kuliko yeye na kuliko mimi. Ila hukuwa na bahati."

"Bahati," alisema Kalekwa.

"Mimi bahati ninayo," alisema Nyamizi, bila majivuno yoyote, kama mtu anayesema amebeba mwavuli. Kisha akaona kovu chini ya upindo wa gauni la Kalekwa. "Iliuma sana?"

"Siku ile iliuma. Kabla ya siku ile haikuwahi kuuma hata kidogo."

Angeweza kuendelea. Sentensi iliyofuata ilikuwa tayari mdomoni. Badala yake aliinuka, akahamishia viazi kwenye bakuli, akarudisha kikapu kikiwa na karanga ndani, maana kikapu cha mtu hakirudi kitupu, akamsindikiza mgeni barazani.

Nyamizi hakushuka ngazi. Aliziruka zote, akatua kwa mguu wa kushoto, akaenda zake akipunga mkono.

Kalekwa alijikuta ameshika nguzo ya baraza, pumzi ameibana, macho kwenye goti lile. Alikuwa anasubiri. Goti lilipotua salama, kitu fulani ndani yake kilisikitika.

Akakaa chini pale pale kwenye ngazi. Wivu wa kawaida, ule wa watu wa sokoni, husema mabaya, na husikika, na mtu hujihadhari nao. Huu wake ulikuwa umekwenda shule. Ulisema mazuri, ukalamba asali mbele za watu, ukavuta kiti ukae utazame mtoto wa mwenzake akivunjika. Alijionea kinyaa. Na katikati ya kinyaa, ili ajijue vizuri, wivu haukupungua hata kidogo.

*

Jumapili ukumbi ulipambwa kwa vitambaa vya njano na vyeusi. Ofisa wa klabu alikuwa ukutani, picha yake kubwa ikirushwa moja kwa moja kutoka makao makuu, anangoja kushuhudia saini. Mezani paliwekwa kijiko kipya cha asali, cha mchezaji mwenyewe kulamba akishasaini. Kalekwa aliingia na mfuko wa plastiki mkononi akapita moja kwa moja mpaka mbele.

"Mwenyekiti, narudisha neno langu la jana," alisema. "Binti ana kigugumizi goti la kushoto. Nilikisikia nikakificha."

Mwanzoni hawakuelewa. Kisha wakaelewa wote kwa pamoja, na kelele zilizofuata zingeweza kuezua bati.

"Usiku mmoja umeutosha wivu kukomaa," alisema Gwasa, na safari hii hakukuwa na utani katika sauti yake. "Jana umelamba. Leo umeota goti?"

"Bi. Kalekwa," alisema Msabila, amechanganyikiwa, "unajua kanuni. Mwonjaji akilamba kisha akageuza, kiti kile hakikalii tena."

"Naijua."

Limi alikuwa amesimama. Hakupiga kelele. "Miguu ulinawa, niliona kwa macho yangu," alisema. "Labda moyo ndio haukunawa, mwenzangu."

"Haukunawa," alisema Kalekwa. "Nimemwonea wivu mwanao tangu Mgawo ulipotangazwa, na wewe nimekuonea tangu siku ulipoingia uwanjani badala yangu. Uji wako nilikuwa nakunywa na wivu. Yote ni kweli. Na goti ni kweli pia."

"Basi aonje mtu mwingine," alisema Gwasa. "Tuna matawi mengi."

"Kifungo chake kimekwishaonjwa. Ligi ikileta kingine, atakuwa amekwishasaini, na pengine amekwishacheza." Alitoa soksi mfukoni, na ndani ya kiganja kingine kilikuwemo kifungo cha kizamani, kimesuguliwa hadi kinang'aa. Watu waliokijua waliinuka vitini. "Hiki ni changu, kabla sijavunjika. Kigugumizi kimo. Goti zima likikivaa litaruka, halina ujanja. Lenye kigugumizi chake litapita tu. Avae yeye."

Nyamizi alitoka ukutani kabla mama yake hajamshika. "Nipe, ma'mdogo," alisema.

Walimnawisha, wakamvisha soksi. Kalekwa alinyoosha mkono kutoa kifungo na vidole vikakataa kufunguka. Ikambidi avifungue kwa mkono wa pili, kimoja kimoja, mbele ya watu wote. Alisikia kikiingia mahali pake kwa mlio mdogo, na akajua kuanzia hapo kilikuwa kinafutika.

Msichana alifumba macho. Uso wake ulibadilika polepole. Kwanza ulishangaa, kisha ukafunguka, kisha tabasamu likaenea, la mtu aliyeonja masega porini kabla ya wenzake hawajafika. Mapaja yake yalitetemeka kwa mbio ambazo Kalekwa alizijua hatua kwa hatua. Moja, mbili, mguso wa tatu. Sasa kibendera. Sasa. Kalekwa aliutazama mguu wa kushoto, na kwa mara ya kwanza tangu Mgawo aliomba kwa moyo mmoja: ruka, mtoto, ruka uniaibishe.

Mguu ulitulia. Tabasamu ndilo lililozidi.

"Hakuna kitu, ma'mdogo," alisema Nyamizi akifungua macho yaliyojaa machozi. "Ni tamu tu. Mwanzo mpaka mwisho."

Ukumbi ulipiga makofi kama amefunga bao. "Goti zima," alisema mtu. "Nilisema mimi," alisema Gwasa, akiwageukia wote. Alichosema Kalekwa kilikuwa kimekwishasahaulika; walikuwa wameona mguu uliotulia, na mguu uliotulia ni mguu mzima. Nani angefikiri vingine?

"Sasa wewe, Limi," alisema Kalekwa.

"Mimi nivae ya nini? Mtoto amekwishavaa."

"Umecheza miaka yote ile goti lako halijaumwa hata siku moja. Yamebaki makombo. Vaa."

Wote wawili walijua wanachozungumza: kikishapita miguu miwili migeni, kifungo ni kifungo cha shati. Pengine hilo ndilo lililomfanya Limi akubali. Alinawa, akavaa soksi, akakaza khanga kiunoni, akafumba macho. Ilikuwa hafifu, ilionekana, maana alikunja uso kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Kisha ikafika kona.

Mguu wake wa kushoto uliruka kwa nguvu, ukalipiga beseni teke, na maji yakamwagikia viatu vya Msabila.

"Ni nini hiyo?" alisema Limi, ameushika mguu kwa mikono miwili. "Kalekwa, ni nini kile?"

"Ni goti langu, msimu niliovunjika."

"Lakini ni makombo tu. Makombo yamenirusha hivi. Mbona yeye..."

Hakuimaliza. Akageuka kumtazama binti yake, ambaye bado alikuwa na mabaki ya lile tabasamu usoni, na Kalekwa aliona jinsi mama anavyoelewa jambo ambalo asingetaka kulielewa. Lilimshuka kutoka machoni hadi mabegani.

"Kilicho chako hukisikii," alisema Kalekwa. "Nami sikukisikia."

Gwasa alikaa. Ofisa ukutani akauliza kama mawasiliano yamekatika.

Limi alikwenda mezani akakichukua kijiko cha asali, kisha akakumbuka kwamba kanuni inataka mkono wa mwonjaji. Akaurudia mkono wa Kalekwa, akaushika kwa nguvu kiasi cha kuumiza, akaufunika juu ya kijiko, na wakakigeuza pamoja. Asali ilichukua muda wake kuenea mezani.

*

Watu walitoka kimyakimya, wengine bila kuaga. Msabila alikitoa kiti cha mwonjaji kwenye jukwaa akakisogeza ukutani, hakumtazama mtu usoni. Limi alikuwa nje akizungumza na daktari wa klabu kwenye simu, anauliza swali lile lile kwa namna tofauti.

Nyamizi alikuwa bado ukumbini, amekwishalia akamaliza, anaikunja taratibu soksi aliyoivua mama yake. Alimrudishia Kalekwa kifungo. Kilikuwa chepesi vile vile kama jana.

"Ma'mdogo."

"Naam."

"Nilikuwa sijui kama kuna mtu aliwahi kukimbia hivyo." Alipangusa pua kwa mkono. "Soksi haina macho. Nimekata ndani, nimepiga, halafu ikaisha. Mpira ulikwenda wapi?"

Kalekwa alimtazama. Kwenye miguu ya msichana huyu kulikuwa na asubuhi ya mwisho ya mbio zile, mpya kabisa, na yeye kesho angeamka akanywa chai isiyomwagika. Alimwonea wivu kwa lile tabasamu kuliko alivyopata kumwonea Limi kwa jezi, kwa makofi, kwa mtoto. Lakini mpira ulikwenda wapi, hilo halikuwamo kwenye kifungo. Hilo lilikuwa lake peke yake, na wala hakuwa tayari kugawa vyote kwa siku moja.

"Pona kwanza," alisema. "Ukipona nitakuambia."